Nyumba kuelekea Idd: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, maswali huwa yale yale: fundi kapotea na kitambaa, gesi imekata katikati ya futari, pesa ya Idd haijatolewa, na hakuna anayejua kwa hakika Idd ni siku gani. Nimeyakusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi na kina mama wa Kampala, Jinja, Bombo na Arua, hapa Uganda, pamoja na kina baba wachache ambao kwa kawaida swali lao ni bei. Hapa nazungumzia Idd el-Fitri. Idd ya kuchinja ina karaha zake, na mbuzi ni habari nyingine kabisa.

Kwa nini hatuambiwi mapema Idd ni lini, mtu akajipanga?

Kwa sababu mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na jibu linapatikana jua likishatua siku ya 29. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi, ndiyo maana miezi mingine huishia 29 na mingine hutimiza 30. Mwezi ukionekana jioni hiyo, kesho ni Idd. Usipoonekana, mnafunga ya 30. Wanajimu wanaweza kukokotoa saa mwezi unapozaliwa, lakini kuzaliwa ni kimoja na kuonekana ni kingine: mwezi mchanga unalifuata jua kwa muda mfupi tu nao unazama, na wingu la mvua likikaa upande wa magharibi ndio basi. Miaka hii Idd inaangukia Machi, mvua za masika zikianza, kwa hiyo wingu hilo si la kubuni.

Tangazo la Baraza Kuu la Waislamu la Uganda hutoka makao yake Old Kampala usiku, na siku ya mapumziko ya serikali hufuata hapo hapo. Wapo pia wanaofuata Saudia, hivyo ndani ya nyumba moja unaweza kukuta baba kafungua na shangazi bado kafunga. Ugomvi huo waachie wenyewe. Wewe una sufuria jikoni.

Kwa mwenye nyumba hesabu ni moja: siku ya mwisho ni ya 29. Kila kitu kiwe kimeingia ndani kabla ya magharibi ya siku hiyo. Karaha nyingi zilizo hapa chini, ukizichunguza, chanzo chake ni mtu aliyejipangia siku ya 30, mwezi ukaonekana.

Mume wangu hutoa pesa ya Idd usiku wa Idd wenyewe. Nimwambie vipi?

Usimwambie, mtume. Mpe orodha ya vitu vitatu (nyama, vitunguu, mafuta) aende sokoni yeye mwenyewe jioni ya 29, apange foleni na wenzake walioshikilia pesa mpaka dakika ya mwisho. Mwaka unaofuata atatoa mapema bila kuombwa.

Ila tuwatendee haki, wengine hawana kiburi, hawana pesa. Mtumishi wa serikali anategemea mshahara uingie karibu na tarehe 28 ya mwezi, na Idd haina habari na tarehe hiyo. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idd inakuja mapema kwa siku 10 hadi 12. Mwaka ambao Idd inakuja mara tu baada ya mshahara, nyumba inacheka; ikiangukia tarehe 20, kila kitu ni mkopo dukani kwa jirani.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kikundi cha kina mama. Mnaanza mara tu Idd ikipita, kila wiki kila mmoja anaweka kidogo, na ikifika Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, mnateremka Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, kununua mchele, sukari na mafuta kwa jumla, mnagawana. Pesa isikae kwa mtu mmoja, na msikubali ikopwe "kidogo tu, narudisha Rajabu". Kikundi kilichokubali neno hilo kimeshakufa.

Fundi aliahidi nguo tangu Ramadhani inaanza, sasa hapokei simu. Nifanyeje?

Nenda mwenyewe. Simu ya fundi kumi la mwisho haipokelewi, na ikipokelewa utaambiwa "nabakiza vifungo tu". Ukifika usiulize kama nguo imekwisha. Omba kuiona. Mara nyingi utaona kavera (mfuko wa plastiki) ile ile uliyomletea, na kitambaa ndani kimekunjwa vile vile ulivyokikunja wewe, karatasi ya vipimo juu. Hapo shukuru, maana bado hujapoteza kitu: chukua kitambaa chako kwa adabu, umtafute mama mwenye cherehani barazani anayeshona sare za shule. Hana jina mjini, lakini gauni la kawaida analimaliza kwa siku moja.

Kama kitambaa kimeshakatwa, huna pa kwenda nacho. Kaa. Beba tasbihi, keti kwenye benchi lake, usigombe, usiondoke. Fundi ana nguo za watu chungu nzima na atashona ya yule aliye mbele ya macho yake. Wanaosema ni utovu wa adabu ndio utakaowakuta Idd wamevaa ya mwaka jana.

Kwa mwakani: kitambaa kiende Shaabani, tarehe uliyompa iwe ya 20 ya Ramadhani, na ulipe nusu tu. Si lazima umdanganye kwamba unasafiri. Sema unaitaka tarehe 20, basi. Kanzu ya mtoto wa kiume aiachie pindo la kutosha, itashushwa mwakani. Na uzuri wa Uganda ni kwamba kanzu si ya Waislamu peke yao. Waganda huivaa na koti kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, kwa hiyo madukani ipo mwaka mzima, na ukikwama kabisa hutakosa ya kununua. Gomesi, lile vazi la heshima la kina mama, ni kesi tofauti: inakula kitambaa hadi mita 6, na aliyezoea magauni atakuharibia mabega. Usimpe gomesi fundi unayemjaribu kwa mara ya kwanza Ramadhani.

Nanunuaje viatu vya watoto bila kuwaburuta soko la Owino na saumu?

Kila mtoto akanyage karatasi jioni (mguu unavimba kidogo mchana kutwa, kwa hiyo kipimo cha asubuhi hudanganya), chora, kisha kata kijiti chenye urefu wa mguu pamoja na upana wa kidole kimoja. Andika jina la mtoto kwenye kijiti. Sokoni unakitumbukiza ndani ya kiatu: kikilala sawa bila kupinda, kiatu kinatosha. Wauzaji wa masoko ya Owino na Shauriyako wameshazoea kuona watu na vijiti vyao. Nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi.

Nyama ninunue lini?

Mwenye friza anunue siku ya 27 au 28. Jioni ya 29, tangazo likishatoka, bucha linajaa kama stendi ya basi, bei inapanda, na kilo yako inapewa mifupa usiyoiomba, kwa sababu mkataji anajua huna muda wa kubishana.

Asiye na friza ana njia mbili. Ya kwanza: weka oda na malipo kidogo buchani, akuandikie kwenye daftari lake mbele yako, uchukue alfajiri. Muulize waziwazi: mwezi usipoonekana, oda inahama yenyewe kwenda siku inayofuata? Swali hilo ukilisahau utapata nyama ya Idd siku ambayo bado umefunga. Ya pili: nunua, ichemshe siku hiyo hiyo kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka iive kabisa, na usiku wa Idd upike pilau kwa supu yake. Lakini hii ni ya saa chache. Nyama iliyopikwa haikai mchana kutwa mezani kwa joto la Arua.

Na kuku?

Kuku wa kienyeji anayenunuliwa mapema anakuwa mpangaji. Anafungwa mguu kwenye bomba la maji uani, anapindua ndoo, anaingia nyumbani na kamba yake, na kama ni jogoo ataanza kuwika saa tisa usiku, jambo ambalo wengine wanalisifu kwamba linaamsha daku. Watoto nao wakishampa jina hamna kitoweo hapo. Ukiweza, acha abaki kwa muuzaji ukiwa umemlipia, au mchinje mapema umgandishe.

Umeme ukikatika na friza imejaa nyama, nimekwisha?

Bado. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika ubaridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Adui yako mkubwa hapo si wale waliokata umeme, ni watoto wanaofungua kila mara kuangalia kama bado pana baridi. Funga mlango kwa kamba.

Pengo lolote ndani ya friza lijaze kwa chupa za maji yaliyoganda. Na kama umeme umekatika ukiwa haupo, kuna ujanja wa sarafu: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya 500 juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi ukute sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda upya, na nyama hiyo usimpe mgeni. Wala usile mwenyewe.

Yaka (umeme wa kulipia kabla) imekula pesa. Pesa ile ile mwanzo wa mwezi ilinipa uniti nyingi kuliko sasa.

Haijala, ingawa najua inavyouma. Bei ya uniti si moja. Zile 15 za kwanza za kila mwezi ni za bei nafuu. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 ni ghali. Kuanzia 81 hadi 150 bei inashuka tena, kwa ajili ya wanaopikia umeme. Hesabu inaanza upya kila tarehe mosi, na ada ya huduma ya mwezi hukatwa ukinunua kwa mara ya kwanza mwezi huo. Idd ikiangukia katikati ya mwezi, wengi wenu mko kwenye ngazi ile ghali, pasi na friji zote zinafanya kazi. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18.

Kama mita inakataa namba ya tarakimu 20 uliyotumiwa, soma tena pole pole, mtu mwingine akutajie. Ikiendelea kukataa, na nyumba ilikaa bila mtu kwa muda mrefu, huenda mita haikusasishwa kabla ya 24 Novemba 2024. Mita hiyo inataka kwanza namba mbili za kusasisha, kila moja ya tarakimu 20, ndipo ipokee ile uliyonunua. Hilo lishughulikie mapema, si usiku wa Idd na wateja wote wakiwa kwenye laini moja.

Nitajuaje gesi itafika Idd?

Mtungi una uzito wake mtupu uliogongwa kwenye chuma, karibu na mshikio. Upime kwenye mzani wa muuza makaa, toa uzito huo, kinachobaki ndiyo gesi yako. Kwa mtungi wa kilo 6 ukikuta imebaki kilo moja na una mandazi na kabalagala (vitumbua vya ndizi) za kukaanga, jaza kabla.

Huna mzani? Mwagia maji ya moto ubavuni, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale penye joto ni patupu; panapogeuka baridi ghafla ndipo gesi inapoanzia. Kutikisa mtungi, kama shemeji zetu wanavyopenda kufanya kwa sura ya utaalamu, hakukuambii kitu.

Hata mwenye gesi aweke akiba ya makaa. Pilau ya watu wengi haiwezekani kwenye jiko la gesi la pleti moja. Tangu agizo la rais la Mei 2023 la kuzuia biashara ya makaa kaskazini, bei haijawa na huruma, na mvua ikinyesha gunia linalala nje linanyonya maji, unanunua uzito wa mvua. Nunua mapema, weka ndani pakavu, juu ya mbao. Sigiri yenyewe, yaani jiko la makaa, isiingie chumbani hata mvua ikinyesha namna gani. Moshi unaoonekana ndio wenye afadhali. Ule usioonekana wala kunukia, wa makaa yaliyoshika vizuri kabisa, ndio unaoua watu usingizini. Pikia barazani.

Maji?

Jaza jerikeni zote siku ya 27. Ukisubiri ya 29, mtaa mzima unafua mapazia na presha inashuka. Ya kunywa tenga mapema, uyafunike.

Mchele upi, na kilo ngapi?

Kwa pilau, kilo moja hulisha watu wazima 8 hivi. Ukikaribisha wajomba, hesabu 6. Mimi nachagua mchele uitwao super kwa harufu yake, na kaiso naiachia wali wa kila siku kwa sababu inashikana. Wapo watakaonibishia na pilau yao nimeila, inashikana. Mawe yachambuliwe mchana kweupe siku ya 28, kwenye ungo. Anayechambua mchele usiku kwa tochi ya simu atalipa meno ya watu.

Sufuria langu kubwa liliazimwa Idd iliyopita halijarudi. Nikiliomba naonekana nina roho mbaya.

Liombe sasa, na sababu iwe Idd yenyewe: "Mama fulani, nakuja kuchukua sufuria, nataka kulisugua." Usitume mtoto, mtoto ataambiwa "mwambie mama naleta". Kisha ligonge alama ya msumari chini ya ukingo, pande mbili. Rangi inatoka kwa steelwool, alama ya msumari haitoki. Mitaa kama Walukuba ya Jinja, ambako sufuria moja hupita milango kadhaa kabla ya kurudi, kuna watu wamekula pilau ya sufuria lao bila kulitambua.

Dada wa kazi anataka kwenda kwao kabla ya Idd. Nimkatalie?

Hapana. Naye ana mama. Kama ni Mwislamu, Idd ni yake kama ilivyo yako. Mlipe mshahara wote, mwongezee sukari na kitambaa, aende. Kwa siku mbili zilizobaki mwite mama wa mtaani anayefua kwa kutwa. Kama ni Mkristo, nyumba nyingi zimekubaliana hivi: anabaki Idd, anaondoka Krismasi na Pasaka, na ahadi hiyo haivunjwi Desemba ikifika. Kuna wanaozuia mshahara wa mwezi ili arudi. Hiyo ni dhuluma, tena na saumu mdomoni, na msichana mwenye akili harudi hata hivyo.

Shemeji zetu ni Wakatoliki na sasa ni Kwaresima. Tuwapikie nini?

Swali la miaka hii. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, Ramadhani nayo ikaanza papo hapo, na mwaka 2027 vitakutana tena. Wakatoliki hawali nyama Ijumaa za Kwaresima, kwa hiyo Idd ikiangukia Ijumaa na ukaweka pilau ya nyama tupu, utawaona shemeji wanakula kachumbari na kusema wameshiba. Pika chungu kidogo cha wali mweupe pembeni na ngege (sato) wa kukaanga au samaki wa nazi. Usitangaze. Weka tu mezani karibu nao.

Zakatul-fitri namtolea nani?

Mwenye nyumba hutoa kwa kila anayemlisha, hata mtoto aliyezaliwa mkesha ule kabla ya magharibi. Ni pishi ya chakula cha kawaida cha mahali, kati ya kilo mbili na nusu na tatu kwa kichwa, nayo itoke kabla ya swala ya Idd. Kama mnatoa pesa, imamu wenu atataja kiasi. Ipime na uifunge kwenye mifuko siku ya 28. Asubuhi ya Idd hakuna anayekumbuka.

Watoto wa mtaa wakija kuomba Idd, niwape shilingi ngapi?

Unachoweza, ila kiwe sawa kwa wote. Kusanya sarafu za 500 kuanzia mwanzo wa Ramadhani. Siku ya Idd hakuna dukani chenji, na ukimpa mmoja noti ya 5,000 "mkagawane" umeanzisha vita nje ya geti lako.

Pilau ikibaki, inakaa muda gani?

Ndani ya saa mbili baada ya kula, itandaze kwenye sinia ipoe, kisha friji. Wali ulioachwa kwenye sufuria lililofunikwa usiku kucha hufuga vijidudu ambavyo kupasha moto hakuondoi sumu yake, na tumbo la siku ya pili watu wanalisingizia mafuta. Bila friji, igawe siku hiyo hiyo: kwanza jirani asiye Mwislamu ambaye amenusa tangu asubuhi, kisha mlinzi, kisha boda anayesubiri mgeni wako nje. Yule uliyempa chakula kwenye bakuli lako mwandike jina.